Nyasi bandia au nyasi hai? Kabla ya bei, hesabuni saa

Kamati za viwanja Uganda siku hizi hazimalizi kikao bila mtu kuinua mkono na kuuliza: kwa nini na sisi tusiweke nyasi bandia? Swali lina mashiko, maana mifano iko wazi. Uwanja wa KCCA FC pale Lugogo una nyasi bandia. Kituo cha ufundi cha FUFA, shirikisho la soka la Uganda, kule Njeru kina nyasi bandia. Nakivubo iliyojengwa upya, vilevile. Na mitaani Kampala viwanja vidogo vya watano kwa watano vimeota kila kona, taa zinawaka hadi usiku na vijana wanalipa kwa saa. Upande wa pili kuna Namboole, uwanja wa taifa uliokarabatiwa na wahandisi wa UPDF, jeshi la Uganda, na kupokea mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 juu ya nyasi hai. Kwa Kombe la Dunia la 2026 nako FIFA ilitaka nyasi hai kila mahali, hata kwenye viwanja vya Marekani ambavyo siku za kawaida vimetandikwa kapeti, yaani nyasi bandia.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa kuwa kipimo cha uwanja wa gombolola, yaani wa kata. Uwanja wa taifa unachezwa mara chache na kutunzwa kila siku. Uwanja wa jamii unachezwa kila siku na kutunzwa mara chache. Kwa hiyo tuache kwanza bei na picha nzuri za wauzaji, tuanze na mambo mawili yanayoamua kila kitu: uwanja unachezwa saa ngapi kwa wiki, na nani atalipa mwaka wa nane.

Hesabu ya saa

Chukueni daftari. Mfano wa kawaida ni uwanja mmoja unaohudumia shule mbili na timu tatu za mtaa. Vipindi vya michezo vya shule hula saa 8. Mazoezi ya jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka giza liingie, siku tano, ni saa 10. Jumamosi mechi tatu, Jumapili mbili, kila moja saa 2 pamoja na kupasha misuli moto: saa 10 nyingine. Jumla 28, na hapo hamjawahesabu watoto wanaoingia na mpira wao wa majani ya migomba.

Nyasi hai juu ya udongo wa kawaida usio na mifereji huvumilia kati ya saa 6 na 10 kwa wiki wakati wa mvua. Uwanja uliojengwa vizuri, wenye mifereji, mchanga juu, mbolea na maji, unabeba saa 15 hadi 20. Nyasi bandia zinabeba 40 hadi 60. FIFA yenyewe imegawa vyeti vyake kwa mantiki hiyo: FIFA Quality ni kwa viwanja vya jamii vinavyochezwa sana, na uwanja hupimwa tena baada ya miaka 3, FIFA Quality Pro ni kwa mechi za kulipwa, na hupimwa kila mwaka.

Saa 28 ziko katikati, na hapo ndipo muuzaji wa kapeti hushinda mjadala. Asichosema ni kwamba saa hizo hazitafuni uwanja mzima sawasawa. Zinatafuna mbele ya magoli, duara la kati na njia anayokimbilia mshika kibendera. Weka magoli ya kuhamishika, fanya mazoezi kukata upana wa uwanja badala ya urefu, peleka kupasha misuli na mazoezi ya kipa nje ya mistari, funga uwanja Jumatatu. Saa 28 kwenye karatasi zinashuka hadi 18 au 20 kwenye nyasi zenyewe. Na sheria moja isiyo na mjadala: maji yakituama, hakuna kucheza. Mechi moja ya matope huharibu kuliko mechi za wiki nzima kwenye udongo mkavu, kwa sababu njumu hukoroga udongo, nafasi za hewa zinaziba na mizizi inakosa pumzi. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) atapiga simu akisema mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni rasmi aje wiki ijayo.

Nyasi hai zinataka nini hasa

Viwanja vingi tunavyoviita vya nyasi havikuwahi kujengwa. Ni shamba lililosawazishwa kwa greda, magoli yakasimikwa, likaachwa lijiotee. Kuulinganisha uwanja wa namna hiyo na kapeti ya kisasa ni kumwonea mtu ambaye hakupewa nafasi.

Anzeni na udongo. Chimbeni sentimita 15 kwenye sehemu tano tofauti, changanyeni, jazeni theluthi ya chupa yenye mdomo mpana, ongezeni maji na kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikiseni dakika mbili, wekeni mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini baada ya saa mbili, mfinyanzi baada ya siku nzima. Mfinyanzi ukikaribia theluthi ya tabaka lote, uwanja huo utashika maji hata mkipanda nyasi za dhahabu.

Maji ya juu ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, na ndiyo ya bei nafuu. Uganda ni nchi ya vilima, na viwanja vingi viko bondeni au kwenye mteremko kwa sababu penye tambarare pamejengwa. Chimbeni mfereji wa kukinga maji upande wa mlima, upana sentimita 60 na kina sentimita 50, ukiuzunguka uwanja hadi kwenye njia ya maji. Kuna viwanja ambavyo kazi hiyo peke yake, ya majembe na wiki moja ya vijana, ingevirudisha kwenye hali ya kuchezeka. Kisha mgongo wa uwanja: katikati iwe juu ya mistari ya pembeni kwa sentimita 34. Huo ni mteremko wa asilimia 1 kwa upana wa mita 68. Mchezaji hauoni, maji yanauona.

Mifereji ya chini ni gharama kubwa zaidi. Mkiweka mtaro kila mita 7, mtapata mitaro 15 hivi yenye mita 68 kila mmoja, yaani zaidi ya kilomita moja ya kuchimba. Kina sentimita 50 hadi 60, bomba lenye matundu la milimita 100 chini, kokoto juu yake, kisha mchanga mkubwa. Kosa la kawaida ni kurudishia udongo uleule wa mfinyanzi juu ya kokoto. Mtaro unakuwa umefungwa kizibo, fedha zimezikwa. Kosa la pili ni mchanga mwembamba wa ziwani wa kupigia plasta, ambao hujipanga ukawa mgumu. Ulizeni mchanga wenye punje kubwa, na mkisugua kiganjani usiache tope.

Aina ya nyasi ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Watengeneza bustani wa Kampala watawauzia paspalamu kwa sababu ndiyo wanayoipanda kwenye nyumba za watu: jani pana, mizizi inayoshuka chini sana, inastahimili ukame na udongo duni. Si mbaya. Lakini hutoa mashada ya mbegu marefu siku chache tu baada ya kukatwa, mpira unasuasua juu yake, na ikishachimbika mbele ya goli inachelewa kuziba. Kwa uwanja wa mpira, bermuda ni bora. Inatambaa juu na chini ya udongo, kwa hiyo jeraha la Jumapili linaanza kujifunga Jumatano. Ila haipendi kivuli kabisa. Mstari wa mikaratusi upande wa magharibi utaiua polepole. Aina yake ya porini inaota bure kando ya barabara, lakini angalieni msichukue ile nyasi kubwa ya malisho inayofanana nayo, yenye shina nene linalotambaa juu tu bila kuwa na mizizi ya chini ya ardhi. Hiyo inang'oka kama zulia. Kabale, Kisoro na Kapchorwa, kwenye baridi, nyasi ya kikuyu inashinda zote, mradi ikatwe mara kwa mara isije ikatengeneza godoro.

Bermuda hupandwa kwa vipandikizi. Mkipanda kila sentimita 20 kwa 20, mnahitaji 25 kwa mita ya mraba, karibu 178,500 kwa uwanja wa mita 105 kwa 68. Kila sentimita 30 mtahitaji kama 79,000, lakini kufunga kutachelewa na magugu yatapata nafasi. Andaeni Februari, pandeni mvua za Machi zikishika. Au andaeni Agosti, pandeni Septemba. Kaskazini, ambako mvua ni za msimu mmoja, ni Aprili au Mei. Mifuko miwili ya mbolea ya DAP ya kilo 50 itandazwe na kuchanganywa na udongo kabla ya kupanda. Kisha uwanja ufungwe wiki 10 hadi 14. Hapa ndipo miradi mingi hufia: wiki ya sita uwanja umeanza kupendeza kijani, mtu anaandaa kombe la Pasaka, na miche ambayo mizizi yake haijafika sentimita 5 inang'olewa yote.

Adui mkubwa wakati huo ni lumbugu, sangari kwa wengine. Huja na udongo wa juu ulionunuliwa. Kipande kimoja cha mzizi kikibaki, kinazaa. Udongo ukishaletwa, mwagilieni wiki tatu bila kupanda chochote, lumbugu iote, iondolewe na mizizi yake, rudieni, ndipo mpande.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida na haina mwisho. Bermuda ya uwanja wa jamii ikatwe ibaki sentimita 3 hadi 4, na kila mara isiondolewe zaidi ya theluthi ya urefu wake. Maana yake msimu wa mvua ni mara mbili kwa wiki. Slasha ya shule haiwezi hiyo kazi. Nyasi zinaachwa hadi magotini, wanafunzi wanapewa adhabu ya kufyeka, shina linabaki tupu, udongo unaonekana, lumbugu inarudi. Mashine moja ya kukata nyasi na mtu mmoja anayelipwa mshahara ni muhimu kuliko jukwaa. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, unatosha uwanja mzima kwa mwezi mmoja wa mvua. Umwagwe nyasi zikiwa kavu, jioni kabla ya mvua au kabla ya kumwagilia, la sivyo unaunguza majani. Wakati wa kiangazi, acheni.

Mbele ya magoli tumieni uma wa bustani: tobo za sentimita 10 kwenda chini, kila sentimita 15, mara moja kwa mwezi, kisha mchanga ufagiliwe uingie. Mara mbili kwa mwaka tandazeni milimita 3 za mchanga uwanja mzima, ambazo ni karibu mita za ujazo 21. Roli zito la kushindilia ambalo shule nyingi hulipenda likae stoo. Kulivuta juu ya udongo mbichi ni kuufanya uwanja kuwa barabara. Na pembeni mwa uwanja pandeni kitalu cha mita za mraba 100 cha nyasi ileile. Mbele ya goli pakiisha, mnakata vipande huko na kupachika.

Neno moja juu ya mistari. Chokaa ya ujenzi iliyozimwa inaunguza ngozi na macho ya anayeanguka juu yake, na oili chafu ya gari inaua nyasi na kuacha mfereji. Rangi ya maji ya ukutani iliyozimuliwa inatosha.

Mwisho, maji. Kiangazi nyasi za uwanja mzima zinataka kama milimita 25 kwa wiki. Zidisheni kwa mita za mraba 7,140: lita 178,500. Hayo ni malori 18 ya maji ya lita 10,000 kila wiki. Kampala na kandokando ya ziwa, mvua huziba sehemu kubwa ya pengo na bermuda yenye mizizi mirefu itanyauka na kurudi. Kule Moroto, kwenye ukame, hesabu ni nyingine kabisa; kumwagilia uwanja maji hayo huku ng'ombe wanatembezwa kutafuta kunywa ni jambo ambalo kamati itaulizwa, na itaulizwa kwa haki. Kwa maeneo hayo uwanja wa udongo uliosawazishwa vizuri, uliookotwa mawe na wenye mteremko sahihi, si aibu.

Chini ya kapeti

Nyasi bandia hununuliwa kwa kinachoonekana juu na hufa kwa kilicho chini. Mfumo wa kawaida wa mpira wa miguu ni nyuzi za polithini za milimita 50 hadi 60, zilizoshonwa kwenye kitambaa chenye matundu, zikajazwa mchanga chini na chembe za raba za matairi yaliyosagwa juu. Mchanga ni uzito wa kuishika kapeti. Raba ni ya kupunguza mshindo kwenye magoti. Kwa uwanja wenye nafasi ya pembeni, mita 111 kwa 74, mkiweka kilo 18 za mchanga na kilo 10 za raba kwa mita ya mraba, mnazungumzia tani 148 za mchanga na tani 82 za raba. Kapeti huja kwa mabunda yenye upana wa mita 4, kwa hiyo mabunda 28 ya mita 74, yaliyosafiri kutoka Mombasa kupitia Malaba.

Chini yake: udongo wa juu wote utolewe, ardhi ishindiliwe, mifereji ya pembeni, kitambaa cha kutenganisha, kisha tabaka za kokoto zilizopondwa za sentimita 15 hadi 30 kutegemea ugumu wa ardhi, na kingo za zege kuzunguka. Usawa upimwe kwa rula ya mita 3: nafasi chini yake isizidi milimita 10. Mkandarasi wa barabara atawaambia moramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, inatosha. Haitoshi. Moramu ikishashindiliwa haipitishi maji, na kapeti yenye matundu mazuri juu ya moramu ni bwawa.

Maungio hubandikwa kwa gundi ya poliurethani juu ya utepe. Gundi hiyo haitaki unyevu, na raba na mchanga havishuki kati ya nyuzi vikiwa vimelowa. Mkandarasi anayeanza kutandika Aprili, Kampala, anatafuta ugomvi. Januari na Februari, au Juni na Julai, ndiyo miezi yake.

Halafu yanakuja yale ambayo vitabu vya wauzaji wa Ulaya haviyazungumzii. La kwanza ni vumbi. Uwanja ulio kando ya barabara ya moramu hupokea vumbi jekundu kila gari linapopita. Vumbi linashuka kati ya chembe za raba, mvua inaligandisha, matundu yanaziba, na mwaka wa tatu nyasi halisi zinaota katikati ya nyasi bandia, jambo ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la mamilioni. Dawa ni ua wa miti upande wa barabara, njia ya zege yenye upana wa mita 2 kuzunguka uwanja, na mabrashi ya kupangusia viatu mlangoni. Uwanja ufagiliwe kwa brashi ya kuvutwa kila wiki, na raba iongezwe kwenye alama ya penalti na kwenye kona, maana huko ndiko inakoruka kila mtu anapopiga.

La pili ni mvua zetu. Raba ni nyepesi. Mvua kubwa ya saa moja inaweza kuiinua ikaelea na kuisukuma hadi upande mmoja, na kama hakuna kizuizi, inaingia mferejini. Kwa Kampala mfereji unaishia kwenye mabwawa ya mafunjo na hatimaye Ziwa Victoria. Umoja wa Ulaya umeshachukua msimamo: kanuni iliyopitishwa Septemba 2023 inapiga marufuku kuuza chembe za plastiki na raba za kujazia viwanja kuanzia Oktoba 2031. Soko hilo likifungwa, bidhaa zitatafuta pa kwenda, na sisi tuko kwenye orodha ya wanunuzi. Muuzaji akiwapa bei nzuri isiyoeleweka, fikirieni hilo.

La tatu ni joto. Saa nane mchana, jua likiwa wazi, uso wa nyasi bandia zenye raba nyeusi hufika nyuzi joto 60 na kupita. Nyasi hai pembeni yake hazifiki huko kwa sababu zinatoa maji na kujipoza. Kumwagia kapeti maji husaidia kwa muda mfupi tu. Kwa timu ya watu wazima yenye njumu inayofanya mazoezi jioni, hili ni usumbufu. Kwa shule ya msingi ambayo nusu ya darasa wanacheza peku na kipindi cha michezo kiko mchana, ni sababu tosha ya kukataa. Michubuko ya kuteleza nayo ipo. Wachezaji wa kike wa kimataifa waliwahi kufungua shauri Kanada mwaka 2014 wakipinga kuchezeshwa Kombe la Dunia la 2015 juu ya nyasi bandia, na mashindano yakachezwa juu yake hivyohivyo.

La nne ni sisi wenyewe. Uwanja wa jamii ni ukumbi wa kila kitu: mkutano wa kampeni, mkesha wa injili, harusi, maegesho. Nyasi hai zikitobolewa kwa vigingi vya hema, zinaziba. Kapeti ikitobolewa inabaki na tundu. Gari likikata kona, maungio yanaachia. Kaa moja la mchoma muchomo linaacha shimo lililoyeyuka ambalo litakatwa na kubandikwa kiraka. Kama kamati yenu haina ubavu wa kumkatalia diwani, msinunue kapeti.

Mwaka wa nane

Ujenzi wa uwanja kamili wa nyasi bandia unahesabiwa kwa malaki ya dola, na mara nyingi kuna mfadhili wa kuulipia. Kapeti hudumu miaka 8 hadi 10, na jua la ikweta haliongezi. Mfadhili wa kubadilisha kapeti huwa hapatikani, kwa sababu hakuna utepe wa kukata.

Tuseme kubadilisha kapeti na vijazio kunagharimu dola 30 kwa mita ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 8,214 ni dola 246,420. Gawanyeni kwa miaka 8 na kwa miezi 12: dola 2,567 kwa mwezi, karibu shilingi milioni 9.2 tukichukua 3,600 kwa dola. Tuseme mnakodisha kwa shilingi 60,000 kwa saa. Mnahitaji saa 154 za kulipiwa kila mwezi, zaidi ya saa 5 kila siku iendayo kwa Mungu, na hapo mtunza uwanja, umeme na mlinzi hawajalipwa. Shule hazitalipa. Timu za mtaa zitalipa mwezi wa kwanza.

Sasa uwanja mdogo wa mita 40 kwa 20, pamoja na pembeni mita za mraba 900. Kapeti mpya ni dola 27,000. Kwa mwezi ni dola 281, takriban shilingi milioni 1. Saa 17 za kukodisha zinatosha. Vijana wa ofisini, wafanyabiashara wa soko, timu za kanisa na msikiti, hawa wanalipa kwa sababu ni watu 10 hadi 14 wanaochanga. Kuna taa, kuna wavu, kuna mlango unaofungwa kwa kufuli. Mlango huo ndio unaofanya hesabu itimie.

Kwa hiyo msimamo wetu kwa gombolola yenye ardhi ya kutosha: uwanja mkubwa ubaki nyasi hai, ujengwe kwa kweli safari hii, na kwenye kona pajengwe kizimba kimoja kidogo cha nyasi bandia chenye taa. Mazoezi ya mvua na saa za usiku vihamie kizimbani, na mapato yake yalipe mafuta ya mashine na mshahara wa mtunza nyasi. Nyote mkikubaliana, uelekezeni uwanja mkubwa kaskazini na kusini, maana mechi za saa kumi na moja jioni kipa anayetazama magharibi haoni kitu. Mahali penye ardhi finyu, kama ndani ya Kampala, na saa zinapita 35 kwa wiki, kapeti inaweza kuhalalishwa hata kwa uwanja mkubwa, mradi akaunti ya kubadilisha ifunguliwe siku ya kwanza na iwe na watia saini ambao si wa chama kimoja.

Mkiamua kununua, msisaini mpaka mambo haya yawe kwenye karatasi. Ripoti ya maabara inayotambuliwa na FIFA ya bidhaa hiyohiyo, si inayofanana nayo. Humo mtaona ufyonzaji wa mshindo wa asilimia 55 hadi 70 na kwamba shada la nyuzi haling'oki chini ya nguvu ya nyutoni 40. Kipimo cha tabaka la kokoto kabla kapeti haijafunika ushahidi, nanyi mkiwepo. Kina cha vijazio kwa rula ya chuma sehemu 20 za uwanja, nyuzi zikibaki wazi juu kwa milimita 15 hadi 20. Brashi ya kuvutwa, utepe na gundi ya akiba, na angalau tani 2 za raba za kuongezea, vyote viachwe stoo. Mafunzo ya siku mbili kwa mtu wenu kwa jina lake.

Na kipengele ambacho karibu kila mkataba unakisahau: nani ataiondoa kapeti ya zamani, na ataipeleka wapi. Kapeti hiyo kuukuu, pamoja na mchanga na raba, inapita tani 200. Jaa la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu, na Kampala bado inahangaika na taka za nyumbani tu. Andikeni kwamba muuzaji ataichukua kwa gharama yake, na zuieni sehemu ya malipo kama dhamana. Akikataa kipengele hicho, rudini kwenye bei aliyowapa muiongezee gharama ya malori na shimo la kuzikia tani hizo, kisha mlinganishe upya na bermuda.